Randa ya Mzee na Matoleo Yake

Mtanisamehe leo, ndugu wasomaji. Nilipanga kuandika kuhusu hifadhidata, lakini Mzee wangu amestaafu, na tangu astaafu ua mzima unanuka mafuta ya taa na kutu. Anafufua randa kuukuu. Nimekaa naye wikendi kadhaa, nikagundua kwamba chombo hiki kina historia ambayo mtu wa programu ataielewa upesi.

Tuanze na jina. Neno randa lipo pia katika Kiajemi na Kihindi, likiwa na maana ile ile. Chombo chenyewe ni cha kale zaidi. Randa za Warumi zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na volkano mwaka 79, na nyingine Silchester, Uingereza. Ukiziona utazitambua mara moja: mwili, mdomo wa kutolea maranda, na kisu kilichobanwa kwa kabari.

Kwa karne nyingi shida ilikuwa moja: kurekebisha kisu. Ukitaka kikate zaidi, unakigonga kwa nyundo. Kikizidi, unagonga mwili wa randa ili kirudi, kisha unakaza kabari na kuomba Mungu. Fundi mzoefu alijua kwa sikio. Mwanafunzi aliharibu mbao.

Mwaka 1827 Mmarekani Hazard Knowles alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa randa yenye mwili wa chuma cha kalibu. Lakini aliyemaliza shida ya kisu ni Leonard Bailey, fundi wa Boston aliyezaliwa 1825. Alijaribu njia moja baada ya nyingine na kupata hataza kadhaa, na kufikia 1867 alikuwa na jibu: nati ndogo ya shaba nyuma ya kisu. Unaizungusha kwa kidole, kisu kinashuka au kupanda kidogo sana, bila nyundo. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley Rule & Level ya New Britain, Connecticut, ilinunua biashara na hataza zake. Bailey akafanya nao kazi, kisha wakakosana, akaondoka 1875 na kuanza kutengeneza randa zake mwenyewe za kushindana nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Stanley walianza kuandika BAILEY kwenye mwili wa kila randa ya aina ile. Yeye alifariki 1905. Wenzangu mnaouza programu zenu kwa kampuni kubwa, hapo mna la kutafakari.

Sasa sehemu niliyoipenda zaidi. Stanley hawakuandika mwaka wa kutengenezwa kwenye randa zao, lakini waliacha alama. Kijiti cha kuelekeza kisu kushoto au kulia kilianza karibu na 1885. Tarehe za hataza zilichapwa kwenye chuma nyuma ya kisu. Ukikuta tarehe tatu, MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10, randa hiyo ni ya kati ya 1910 na 1918 hivi. Ukikuta ile ya mwisho peke yake, ni ya 1925 hadi 1928 hivi. Nati ya mpira mgumu badala ya shaba? Hiyo ni ya Vita Kuu ya Pili, shaba ilipohitajika vitani. Wakusanyaji walipanga mabadiliko haya kwa namba za matoleo, na Roger K. Smith aliyaeleza katika kitabu chake cha 1981. Ni kama kusoma kumbukumbu za matoleo ya programu, ila zimeandikwa kwenye chuma.

Ya Mzee ni namba 4, urefu inchi 9, kisu inchi 2, na imeandikwa Made in England. Kampuni ya Record ya Sheffield ilianza kutengeneza randa za umbo hili 1931, na Stanley nao wakaingia Sheffield baadaye katika miaka hiyo ya 1930. Aliinunua akiwa kijana anajifunza useremala kabla ya kupata kazi ya ualimu. Miaka thelathini na ushee ilikaa chini ya kitanda. Nyingine, yenye tarehe tatu, aliiokota kwenye vyuma chakavu Gikomba.

Kutu tuliitoa kwa umeme. Unahitaji ndoo ya plastiki, maji, magadi na chaja ya betri ya gari. Ndiyo, magadi yale yale ya kupikia. Chuma cha kusafishwa kinafungwa kwenye hasi, kipande cha chuma cha kutupa kwenye chanya. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa sumu, na fanyia kazi nje kwa sababu gesi ya haidrojeni inayotoka inaweza kulipuka.

Mzee alinipa kisu cha randa yake nikishughulikie. Nikaunganisha jioni, nikaenda kulala. Asubuhi kipande cha kutupa kilikuwa kinang'aa, na kisu cha Mzee kimeliwa makali yote, kimejaa vishimo kama mfupa uliotafunwa. Nilikuwa nimegeuza waya. Mhandisi mzima.

Nilimpelekea mkononi. Alikiangalia muda mrefu. Kisu kile alikinoa yeye tangu ujana wake.

"Chanya na hasi, mwanangu," akasema. "Hata mimi nilifundisha hiyo darasa la saba."

Sikuwa na la kujibu. Akaenda kwenye boksi, akachomoa kisu cha ile randa ya Gikomba, akakiweka kwenye randa yake ya Sheffield. Kikaingia. Viwanda viwili, bara mbili, miongo kadhaa kati yao, na kikaingia bila kupigwa tupa. Si kila kitu ni hivyo: parafujo za Stanley zina hesi 20 kwa inchi za kipimo chao wenyewe, na ikipotea moja hutaipata duka lolote la vifaa mtaani. Lakini kisu, ambacho ndicho huisha, walikiacha cha kipimo kile kile.

Alikinoa kwa kinoo nusu saa, akazungusha nati, akapiga randa kipande cha mvule. Maranda yakatoka marefu, membamba kama karatasi ya sigara.

Programu niliyoandika miaka mitano iliyopita haiwaki tena kwenye kompyuta yangu mpya. Kisu nilichoharibu nimekitundika juu ya meza ninapofanyia kazi. Hifadhidata tutaongea wiki ijayo.