Jemadari wa Anga Katika Ikulu ya Nairobi

Mwezi wa Julai 1939 vibarua wa bandari ya Dar es Salaam, mababu wa wengi tunaopishana nao leo Keko, Kurasini na Temeke, waliacha kazi wakidai ujira bora, na kabla ya Agosti kwisha Mombasa na Tanga nazo zilikuwa zimegoma. Habari hizo zikisimuliwa, aghalabu hutajwa mabwana wa gati na askari; ni nadra kutajwa kwamba ugavana wa Kenya, iliyokuwa na Mombasa chini yake, ulikuwa mikononi mwa mtu asiye wa siasa wala wa sheria, bali rubani: Sir Robert Brooke-Popham, Jemadari Mkuu wa Jeshi la Anga la Uingereza.

Alizaliwa Suffolk mwaka 1878, akaanza uaskari katika jeshi la miguu, na Julai 1911, zama ambazo ndege ilikuwa miti na kitambaa tu, akapata cheti cha urubani nambari 108. Lakini sifa yake haikutokana na kupigana hewani. Katika vita vya 1914 kazi yake huko Ufaransa ilikuwa kuhakikisha kwamba injini, petroli na vipuri vinawafikia marubani, na kwa kazi hiyo alijaaliwa kipaji adhimu. Mwaka 1922 akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha maofisa wa anga cha Andover, kisha akaongoza majeshi ya anga Iraki, na mwaka 1935, Waitalia walipoivamia Uhabeshi, akapelekwa Mashariki ya Kati. Alistaafu 1937, na mwaka huohuo akaapishwa Nairobi.

Sasa mtu aliyezoea kuhesabu mapipa na vipuri alikabidhiwa watu, na hapo ndipo mtihani wake ulipokuwa. Maofisa wake walikuwa wamekata shauri kwamba ardhi ya Machakos inaliwa na mmomonyoko kwa sababu Wakamba wana ng'ombe kupita kiasi. Basi mwaka 1938 mifugo ikaswagwa kwa nguvu hadi mnadani, ikauzwa kwa bei ya kutupa, mingine ikiishia katika kiwanda kipya cha nyama cha Liebig huko Athi River. Katika daftari la serikali hesabu ilikuwa sahihi, ilhali ng'ombe kwa Mkamba ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni heshima ya mtu mbele ya jamaa zake, na mambo hayo daftari halikuwa na safu ya kuyaandika.

Mwishoni mwa Julai watu zaidi ya 1,000, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi, wakapiga kambi, wakasema hawaondoki mpaka wamwone Gavana. Hawakuvunja kitu. Gavana alikataa kuonana nao mjini, akaona ni kushusha taadhima ya serikali, nao wakakaa kwa wiki kadhaa; na serikali iliyowategemea Wakamba katika jeshi na polisi ilikuwa na kila sababu ya kuingiwa na fadhaa. Mwezi wa Agosti alikwenda Machakos mwenyewe kuwahutubia, lakini hawakuridhika. Mbingu akakamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kwa kuwa London nako maswali yalikuwa yamezidi, uuzaji wa lazima ukaachwa. Kwa rai yangu, Brooke-Popham hakuwa dhalimu wa tabia, ila aliziamini mno taarifa zilizoletwa mezani kwake.

Vita vilipozuka Septemba 1939 aliondoka Kenya akarudi katika Jeshi la Anga, na Novemba 1940 akawekwa Singapore kuwa amiri mkuu wa majeshi ya Waingereza ya Mashariki ya Mbali, naye ana miaka 62. Huko pia aliridhika na alichoambiwa: kwamba ndege za Buffalo zilitosha kumkabili Mjapani. Desemba 1941 alipata idhini ya kutangulia kuingia Siam, akasita, na usiku wa kuamkia tarehe 8 Wajapani wakashuka pwani ya Malaya. Kabla mwezi kwisha amri ilikwisha mtoka mkononi, na Singapore ikaanguka tarehe 15 Februari 1942 chini ya wengine. Lawama, hata hivyo, ilimfuata yeye zaidi ya wakubwa wa London waliomnyima ndege bora, nami naona hapo hakutendewa insafu. Alifariki Oktoba 1953.