Dalili za kutahadhari nazo unapowahoji wasaka kazi

MAHOJIANO ya kazi huchukua muda mfupi, lakini uamuzi unaotokana nayo hudumu kwa miaka. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) ilitangaza kuwa uchunguzi wake ulikuwa umefichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa umma. Hao walikuwa tayari wameajiriwa.

Mwajiri anafaa kuzingatia dalili zifuatazo:

Maelezo yasiyolingana: Linganisha barua ya maombi, wasifukazi na kauli za mhojiwa. Pengo la mwaka mmoja bila kazi si kosa. Huenda mtu alifutwa kampuni ilipofungwa au alikuwa akiuguza mzazi. Kinachotia shaka ni sababu inayobadilika kila anapoulizwa.

Majibu ya juujuu: Anayesema "tuliongeza mauzo" aulizwe yeye binafsi alifanya nini, na nani alimsimamia. Aliyeifanya kazi hueleza hatua na hata matatizo. Aliyebuni hurudia maneno yale yale.

Lawama kwa kila mtu: Mwajiri mmoja mbaya anawezekana. Lakini ikiwa wote wa awali walikuwa wabaya, na mhojiwa hana funzo lolote alilopata, chunguza zaidi.

Kukwepa uthibitisho: Usiridhike na nakala za vyeti. Matokeo ya KCSE huthibitishwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC), nayo shahada na chuo kilichoitoa.

Hata hivyo, woga si uongo. Kutetemeka, lafudhi, au kijana kuinamisha macho mbele ya wakubwa, jambo ambalo kwa wengi ni heshima, visimnyime mtu riziki. Aidha, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua hata anayeomba kazi kwa misingi ya kabila, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito au hali yake ya HIV. Maswali kuhusu mambo hayo hayafichui udanganyifu; humwingiza mwajiri mashakani.

Ili kuepuka upendeleo, wahojiwa wote waulizwe maswali ya msingi yaliyo sawa, na kila mwanajopo atoe alama kabla ya kujadiliana na wenzake.

Dalili moja pekee haimhukumu mtu. Mpe nafasi ajieleze, kisha, kwa idhini yake, mpigie simu mwajiri wake wa awali. Asiye na hatia atapata kujitetea, na mlaghai hataingia kazini kwa ulimi mtamu.