Kinga Iliyoitwa ya Salama

Huku kwetu Kongo baisikeli tunaiita kinga, na katika Kiswahili cha vitabu kinga ni kitu cha kumlinda mtu. Lakini zile za kwanza hazikumlinda mtu hata kidogo.

Mwaka 1817, kule Mannheim katika Ujerumani, Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, bila pedali. Mtu alijisukuma kwa miguu yake. Barabara ziliharibiwa na magari ya farasi, basi wapandaji wakapita mahali pa wenye kutembea. Mwaka uleule wakubwa wa mji wakawakataza.

Katika miaka ya 1870 watu walitaka mbio. Pedali zilifungwa katika gurudumu la mbele lenyewe; kwa hiyo gurudumu likiwa kubwa, mzunguko mmoja ulikwenda mbali zaidi. Mafundi wakalikuza hata likafika karibu mita 1 na nusu. Mpandaji alikaa juu yake kabisa, miguu haifiki chini. Likigonga jiwe, au akikaza freni kwa nguvu, chombo chote kilipinduka mbele, naye akaanguka kwa kichwa. Wengine, wakiteremka mlima, waliweka miguu juu ya usukani ili wakitupwa itangulie miguu! Vijana waliona ni fahari.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akaonyesha Rover yake. Magurudumu yalikuwa karibu sawa, mnyororo ulivuta lile la nyuma, na mpandaji alikaa kati. Mnyororo ulilipa gurudumu dogo mbio za lile kubwa. Waingereza wakaiita baisikeli ya salama. Kinga zetu zote ni wajukuu wake.

Ila ilitikisa mifupa, kwani mipira yake ilikuwa migumu. Mwaka 1888, mjini Belfast, mganga wa wanyama John Boyd Dunlop akafunga mipira yenye hewa katika kinga ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Punde Ulaya nzima ikataka mpira. Nao ulitoka wapi? Mwingi ulitoka Brazil, lakini mwingine ulitoka katika misitu yetu, wakati wa mfalme Leopold wa Pili. Mwanaume aliyepungukiwa na mpira, mke wake alifungwa. Na watu walikatwa mikono. Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti, aliandika kitabu cha kulaumu utawala ule, na mwaka 1908 Ubelgiji ikatwaa nchi toka mkononi mwa mfalme. Mwendo laini wa watu wa Ulaya babu zetu waliulipia.

Tazameni sasa wale wanaoleta makala Lubumbashi, gunia juu ya gunia. Uzito ukipanda juu, kinga inarudia tabia ya zile za 1870: kwenye mteremko inataka kupinduka. Wenye akili wanashuka na kuisukuma.

Na mtoto aliyetumwa kwenye mashine ya unga kwa kinga ya baba? Anapitisha mguu mmoja chini ya chuma cha kati, mwili umepinda, mkono haufikii vizuri freni. Kofia ngumu za kulinda kichwa zilianza kuenea Marekani baada ya mwaka 1975, lakini huku ni adimu. Basi shusheni kiti mpaka miguu yake iguse ardhi, na mjaribu freni zote mbili kabla hajatoka. Kama hata hivyo miguu haifiki, aisukume tu, unga ukiwa nyuma.