Vugha, mji wa Simba Mwene

Kutoka Magoma, katika bonde la Lwengera, milima ya Usambara Magharibi iko upande wa machweo. Huko juu, karibu na Soni, ndiko kuliko na Vugha. Leo ni kata ya Halmashauri ya Bumbuli, na wengi wanaopanda basi la Mombo kwenda Lushoto hawajui kwamba amri ya nchi hii, mlimani na bondeni, ilitoka pale kwa zaidi ya karne moja.

Chanzo chake ni nyama. Mbegha alikuwa mwindaji wa Nguu. Masimulizi yanasema aliota meno ya juu kwanza, na kigego zama zile hakuachwa hai. Wazazi wake walimlea, lakini alipokua nduguze walimnyima urithi, wakamfukuza. Akaingia Usambara na mbwa wake na mikuki, mwanzoni mwa karne ya 18. Nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba. Mbegha akawaua, nyama akaigawa, na Washambaa, wenyeji wa milima hiyo, wakamlipa kwa vyakula vya shambani. Punde wakawa wanampelekea na mashauri yao. Wazee wa Vugha walipomwita, aliua simba njiani usiku, wakamwamkia: Simba Mwene. Uzao wake ndio Wakilindi.

Tangu hapo mfalme mpya alitoka Bumbuli kuingia Vugha usiku, akifuata nyayo za Mbegha. Raia walimwamkia kwa jina lile lile, na papo hapo wakamwonya: asipowatendea haki watamwondoa. Sijui tawala nyingi zilizompa mtawala onyo siku ya kwanza, mbele ya watu wote, tena kwa kelele.

Mkubwa wa wafalme hao alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Aliwaweka wanawe kuwa machifu kila upande, na huko pwani majumbe walihitaji kibali chake pamoja na cha Sultani wa Zanzibar. Yeye ndiye aliyeaminiwa kuiponya nchi kwa mvua (kwa Kishambaa, kuzifya shi) au kuiharibu kwa ukame. Mmisionari Krapf alimfikia mwaka 1848, akarudi 1852. Wavumbuzi Burton na Speke walifika 1857, wakamkuta mzee mgonjwa. Burton aliandika kwamba mji una vibanda 500 hivi.

Kilichouangusha Vugha ni njia ya misafara. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini kwenye nyika, ambako pembe na watumwa walipita kwenda Pangani na bunduki zikarudi. Mfalme wa mlimani alikuwa na mvua na ng'ombe wa kodi. Semboja alikuwa na baruti. Kimweri alipokufa, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja akampindua, Vugha ukachomwa moto. Wabondei nao wakawainukia Wakilindi katika vita viitwavyo Kiva. Semboja hakuhamia mlimani hata baada ya ushindi. Alimweka mwanawe Vugha, yeye akabaki Mazinde, na hilo lilitosha kuonyesha nguvu imehamia wapi. Watu walioumia zaidi ni wa vijiji vya kawaida, waliokamatwa na kuuzwa na machifu waliopaswa kuwalinda. Jambo hilo lisifunikwe kwa sababu ya fahari ya Simba Mwene.

Semboja alifariki 1895, na mwaka huo huo Wajerumani, ambao sasa ndio waliotawala, wakamnyonga mwanawe Mputa, wakamsimika Kinyashi, mwana wa Shekulwavu. Boma lao likakaa Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu ya Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi na Wakilindi, akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Wamisionari wa Magila walianza kuichapa 1895. J.W.T. Allen aliihariri, ikatoka tena 1962, mwaka mmoja kabla serikali ya Tanganyika haijafuta uchifu.