Matandiko ya simbilisi na sungura si takataka

Simbilisi, ambaye wengi wanamwita kobai, asili yake ni milima ya Peru na Bolivia, lakini huku mashariki mwa Kongo amekwisha kuwa mwenyeji. Kule Kivu Kusini vita vilipopokonya watu ng'ombe na mbuzi, familia nyingi zilimshika yeye: anafugwa jikoni, anakula majani tu, na siku ya kukimbia anabebeka kwenye kikapu. Nyama yake inasifiwa. Majani aliyolalia yanafagiliwa na kutupwa nyuma ya nyumba.

Kwa ndugu zetu wa Wamaza, Kasongo na Kabambare hiyo ni hasara kubwa. Shamba linachoka baada ya misimu michache, mbolea ya dukani ni ghali, na dawa tuliyozoea ni kukata pori jipya, mbali zaidi na nyumba.

Utajiri uko hasa katika mkojo. Una naitrojeni, ile inayokuza majani ya mimea. Harufu kali ya kizimbani ni naitrojeni hiyo ikipotea hewani. Kwa hiyo ondoeni matandiko kila juma, yakiwa mabichi, na myarundike kivulini, juu ya udongo, mbali na kisima. Changanyeni na maganda ya ndizi na majani ya jikoni. Mabua ya mpunga yakatwe vipande. Maganda ya mpunga, ambayo Maniema hayakosekani, yanaoza polepole sana. Tieni kidogo tu. Majivu vilevile, kwani yakizidi yanafukuza naitrojeni.

Rundo lifike mita moja kwenda juu na mita moja kwa upana, maana dogo halipati joto. Mwenye simbilisi kumi peke yake hatafika. Hapo kikundi cha wamama wa kanisa kinaweza kukusanya pamoja. Ukikamua konzi moja, yatoke matone machache. Funikeni kwa majani ya mgomba, la sivyo mvua itachukua nguvu yote.

Baada ya siku nne chomekeni kijiti ndani. Kikitoka cha moto, kazi inaendelea. Joto la nyuzi 55 kwa siku kadhaa linaua mayai mengi ya minyoo na mbegu za magugu. Geuzeni rundo kila majuma mawili, ya pembeni yaingie katikati. Mtunza shamba wa Luka 13 aliomba mwaka mzima. Hapa miezi mitatu hivi inatosha.

Jambo moja lisichezewe: kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa. Kina minyoo, na cha paka kinaweza kubeba ugonjwa unaodhuru mimba. Simbilisi aliyekufa kwa ugonjwa azikwe chini sana, mahali pengine. Na rundo ambalo halikupata joto lipelekwe kwenye migomba, si kwenye nyanya zinazoliwa mbichi.

Mbolea ikiiva inanukia udongo wa porini. Tieni konzi mbili katika kila shimo la nyanya au biringanya. Vipande ambavyo havijaoza virudishwe katika rundo jipya, vitaliharakisha.