Ibada ya Kilimani: Wadruidi wa Chuo cha Carleton na Mila ya Kipagani Vyuoni Marekani

Katika Kiswahili cha kila siku neno mpagani ni jina ambalo mtu hupewa na wengine, na mara nyingi hubeba lawama ya kutokuwa na dini. Lakini asili yake ni neno la Kilatini paganus, yaani mkazi wa shamba, na tangu katikati ya karne ya 20 wapo watu Ulaya na Marekani wanaojiita hivyo kwa hiari yao. Hao ndio Wapagani wa kisasa, wafuasi wa madhehebu mapya yanayochota katika dini za Ulaya zilizotangulia Ukristo, yanayoihesabu ardhi na viumbe vyake kuwa vitakatifu, na yanayougawa mwaka kwa sikukuu nane. Nne kati ya hizo hufuata mwendo wa jua: mbili huangukia siku ambazo usiku na mchana hulingana, na mbili huangukia usiku mrefu na usiku mfupi kuliko zote; nne zilizobaki, ambazo maarufu zaidi ni Samhain ya mwisho wa Oktoba na Beltane ya mwanzo wa Mei, hukaa katikati ya hizo za jua. Historia yao vyuoni haijatimiza hata karne moja, lakini inaonyesha wazi kwamba kijana aliyetaka kushika mila hiyo hakupungukiwa imani kama alivyopungukiwa muda na mahali.

Kisa kinachofaa kuchunguzwa kwa makini ni cha Chuo cha Carleton, kilichopo katika mji mdogo wa Northfield, jimbo la Minnesota, kusini mwa Minneapolis. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1866 na Wakongregesheni, Waprotestanti wanaoliachia kila kanisa lijiongoze lenyewe, na karibu karne nzima baadaye kilikuwa bado kinawataka wanafunzi wahudhurie idadi maalumu ya ibada kila muhula. Sharti hilo halikumlazimisha mtu kwenda katika kanisa la chuo peke yake, kwani aliyekuwa na dini nyingine aliruhusiwa kuhudhuria ibada za dini yake, mradi athibitishe mahudhurio yake. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1963 wanafunzi wachache, miongoni mwao David Fisher, Howard Cherniack na Norman Nelson, waliupima uzito wa ruhusa hiyo kwa kuanzisha dini yao wenyewe, wakajiita Wadruidi Waliorekebishwa wa Amerika Kaskazini.

Wadruidi wa kale walikuwa makuhani na wanazuoni wa Waselti, na mengi yanayojulikana kuwahusu yametoka kwa wageni kama Julius Caesar, aliyeandika kwamba baadhi yao walijifunza kwa miaka 20 na kwamba waliona si halali kuyaandika mafundisho yao. Mafundisho yasiyoandikwa hayarithiki kwa urahisi, na kwa sababu hiyo vijana wa Northfield hawakudai kamwe kuwa warithi wa makuhani hao. Walichukua jina na picha ya ibada inayofanyika chini ya miti, kisha wakaipa mpangilio unaokaribiana na ule wa Kanisa la Kiepiskopali, yaani Kanisa la Kianglikana la Marekani, ambalo baadaye Fisher alilitumikia akiwa kasisi. Imani yao waliifupisha katika mambo mawili: kwamba ukweli wa dini unaweza kutafutwa kupitia Mama Dunia, ambaye ni maumbile, na kwamba njia hiyo ni moja tu kati ya njia nyingi. Uongozi nao ulihitaji watu watatu tu, akiwamo Druidi Mkuu aliyechaguliwa na wenzake.

Ibada yenyewe ilikuwa fupi, na mtu aliyetoka darasani aliweza kuifikia kwa miguu. Waumini walipanda kilima cha karibu, wakasimama kwa duara, na kiongozi akatoa kafara ya mmea, kwa kawaida tawi au majani, kwa kuwa damu ilikatazwa kabisa. Kisha kikombe kilizungushwa. Kuanzia Beltane hadi Samhain, msimu walioupa jina la Msimu wa Uhai, ndani ya kikombe mlikuwa na maji yaliyochanganywa na wiski, nao waliyaita Maji ya Uhai, jina ambalo ni tafsiri ya maneno ya Kigaeli yaliyozaa neno wiski; kuanzia Samhain hadi Beltane, katika Msimu wa Usingizi, kikombe kilikuwa na maji matupu. Hata utepe aliovaa kuhani shingoni ulibadilika kwa msimu, mwekundu wakati wa uhai na mweupe wakati wa usingizi. Mahali pa mwanzo palikuwa Monument Hill, ambako madhabahu ya mawe waliyoijenga ilibomolewa na wapinzani zaidi ya mara moja; baadaye desturi ilihamia Hill of Three Oaks, yaani Kilima cha Mialoni Mitatu, pembezoni mwa ardhi ya chuo.

Hapo ndipo historia hii inapokutana na suala la msongo, yaani hali ya mwili na akili kulemewa na madai yanayozidi uwezo wa mtu kuyakabili kwa utulivu. Dhana hiyo ilikuwa bado changa katika sayansi, kwa kuwa Hans Selye, mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alichapisha makala yake ya kwanza kuihusu mwaka 1936, lakini hali yenyewe wanafunzi wa miaka ya 1960 waliijua vizuri. Kwa wanafunzi wa kiume alama za darasani zilikuwa suala la uhai: kijana aliyekuwa chuoni aliweza kuahirishiwa kuitwa jeshini, na mwaka 1966, vita vya Vietnam vilipopamba moto, mamlaka ya uandikishaji ilianza tena kutazama nafasi ya mwanafunzi katika darasa lake pamoja na mtihani maalumu ili kuamua nani asalie masomoni. Tarehe 1 Desemba 1969 ikafanyika bahati nasibu ya kitaifa, ambapo siku ya kuzaliwa ya kijana ilitosha kuamua kama angeitwa mapema au la. Ni vigumu kuitazama saa moja ya ukimya juu ya kilima, katika miaka kama hiyo, kuwa mchezo wa watoto.

Lililo zito zaidi katika desturi za Carleton ni mkesha. Aliyetaka kufikia daraja la tatu, ambalo ndilo daraja la ukuhani, alipaswa kukaa macho nje usiku kucha, tangu jua linapozama hadi linapochomoza, bila kitabu cha kukariri wala kazi ya kukabidhi asubuhi. Mwanafunzi wa kawaida alizoea kukesha kwa ajili ya mtihani, na huo ni mkesha unaomchosha. Mkesha wa Kidruidi ulichukua usiku uleule ukaurudisha kwa mwenyewe, ukamwachia saa nyingi za kusikiliza upepo na kuchochea moto. Waanzilishi hawakuupanga kuwa tiba, na hakuna haja ya kuwasingizia nia hiyo. Hata hivyo mila nyingi duniani zimempa binadamu pumziko bila kulitaja, na ya Carleton ni mojawapo.

Uthibitisho wa hayo ulikuja mwaka 1964, chuo kilipolifuta sharti la kuhudhuria ibada. Kwa hesabu ya kawaida Wadruidi walipaswa kutawanyika siku hiyohiyo, kwani walichokipigania walikuwa wamekipata, na wapo waliodhani kwamba jambo zima lilikuwa mzaha wa vijana wenye akili nyingi. Lakini baadhi yao waliendelea kupanda kilimani, wakiwa wamegundua kwamba kitu walichokianza kwa kupinga wamekipenda kwa dhati. Ikumbukwe pia kwamba chuo ni mahali ambapo kizazi kizima hupita kwa miaka minne, hivyo mila isiyokabidhiwa upesi hufa upesi, na kudumu kwa hii kunaonyesha kwamba kila kundi lililofuata lilikuta ndani yake jambo la kulifaa.

Kutoka Minnesota mila hiyo ilisafiri na wahitimu. Robert Larson aliipeleka Berkeley, California, na huko akamwingiza Isaac Bonewits, aliyepata mwaka 1970, kutoka Chuo Kikuu cha California, shahada ya kwanza iliyotaja uchawi kuwa ndilo somo lake. Bonewits aliwataka Wadruidi wakiri waziwazi kuwa ni Wapagani, ilhali wengi wa Carleton, ambao miongoni mwao walikuwamo Wakristo na wasio na dini, waliona kwamba kufanya hivyo ni kulifunga lango ambalo waanzilishi waliliacha wazi. Ubishi huo haukupata mshindi, na mwaka 1983 Bonewits alianzisha jumuiya nyingine, Ár nDraíocht Féin, iliyojitangaza kuwa ya Kipagani tangu mwanzo.

Kadiri Wapagani walivyoongezeka vyuoni, madai yao yalihamia kwenye kalenda. Krismasi na Pasaka zina nafasi yake katika ratiba, lakini Samhain huangukia katikati ya muhula, wakati wa insha na majaribio, na Beltane hukaribiana na mitihani ya mwisho wa mwaka. Aliyeshika mila hizo alichagua kati ya kukosa somo na kukosa sikukuu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Marshall, huko West Virginia, kiliruhusu wanafunzi Wapagani wakose masomo siku za sikukuu zao bila kuadhibiwa. Suala la mahali nalo lilipata jibu lisilotarajiwa mwaka 2011, pale Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, karibu na Colorado Springs, kilipozindua duara la mawe juu ya kilima kwa ajili ya wanafunzi wa dini zinazoiheshimu ardhi. Chuo cha kijeshi, ambacho hupanga karibu kila saa ya mwanafunzi, kilikuwa kimekubali kwamba mwanafunzi Mpagani naye ana haki ya mahali pa kutulia.

Wadruidi wa Carleton hawakujenga hekalu wala kuhitaji ada. Kumbukumbu zao zimehifadhiwa katika nyaraka za chuo kilekile ambacho hapo awali kiliwalazimisha wanafunzi wake kwenda ibadani.