Uzito wa Sindano

Chochote kilichosafiri kutoka Tanga kwenda Arusha, kwa reli au kwa barabara, kilipita Same, chini ya milima ya Upare. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Njia hiyo ilipitisha mkonge, kahawa na vibarua, na iliunganisha miji ya wanamuziki. Wilson Kinyonga na ndugu zake, watu wa Tanga, walipiga muziki Arusha, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakawa Simba Wanyika huko Kenya.

Historia ya santuri husimuliwa kwa majina ya waimbaji kama hao. Inaweza pia kusimuliwa kwa gramu.

Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 zilikuwa za utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, zikizunguka mara 78 kwa dakika. Mkono wa gramafoni ya hendeli uliikandamiza sahani kwa uzito unaozidi gramu 100. Unga ule uliinoa sindano ya chuma mpaka ikae sawasawa ndani ya mfereji, ndiyo maana sindano ilibadilishwa kila baada ya upande mmoja. Mwenye kubana matumizi akairudia ileile, alikuwa anauchimba wimbo wenyewe.

Mwaka 1948 na 1949 zilitoka Marekani santuri za vinili, za mizunguko 33 na 45. Mifereji yake ni myembamba, kiasi cha theluthi ya ile ya zamani. Sindano ikawa ya yakuti au almasi, na uzito ukashuka mpaka gramu chache tu.

Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi kwenye sahani hizo za 45. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Wilaya ya Same inapakana na Kenya, lakini kwa miaka sita kiwanda cha Nairobi kilikuwa mbali kuliko kilomita zake. Nakala iliyoharibika haikuwa rahisi kuipatia nyingine, wala sindano mpya.

Vumbi la tambarare ya Same na unyevu wa milimani havikuisaidia santuri. Sindano ikiruka, dawa ya watu wengi, hapa na kwingineko duniani, ilikuwa kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono. Wimbo uliendelea, na mfereji ukaliwa.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Leo wajukuu wanashusha masanduku ya santuri ili nyimbo ziingizwe kwenye kompyuta, na huenda humo mna nakala isiyo na mwenzake. Kabla ya kuicheza, isafishe. Zungusha kizani cha nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, sambamba na sahani. Hapo ndipo sifuri. Kisha ongeza gramu zilizotajwa na mtengenezaji wa sindano, mara nyingi kati ya moja na nusu na tatu. Hakikisha kichwa kimefuata mfereji bila kwenda upande, na rekebisha kile kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati. Santuri ya mizunguko 78 itafutie sindano yake pana.

Usidhani kupunguza uzito ni huruma. Sindano nyepesi mno hudundadunda, ikatua kwa kishindo na kuzikwaruza kuta za mfereji. Huumiza kama ile nzito, ila kwa namna nyingine. Kinachotakiwa ni uzito wake halisi.

Washa kinasa sauti mara ya kwanza kabisa unapoteremsha mkono. Kila mchezo hupunguza kitu kidogo, na wazee walikwisha kuicheza sana.